Sura ya Tisa: Ndiyo ya Popo

Mabeseni yalikuwa yamerundikwa mlangoni, mengine ya bati, mengine ya plastiki, na moja la bluu lenye ufa ambalo kila mwaka mtu husema litupwe na kila mwaka linarudi. Popo alikuwa amepiga magoti katikati yake, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni, akisugua kama aliyekosana na mabeseni. Ugomvi kweli alikuwa nao, ila si wa mabeseni.

Kile kilikuwa chumba kidogo nyuma ya kanisa, dirisha moja, benchi moja, taulo zimekunjwa vizuri, za kina baba huku, za kina mama kule. Jumapili ilikuwa siku ya kuoshana miguu. Wamennonite wana mambo yao na hili ni mojawapo: wakishashiriki mkate na kikombe, mtu anapiga magoti mbele ya mwenzake, anamwosha miguu, anamfuta, wanakumbatiana, kisha wanabadilishana. Mwenye gari anamwosha mwenye kandambili. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na mwenye nyayo za kutekenyeka avumilie tu.

"Hodi hapa."

Hakugeuka. Sauti ile angeitambua hata katikati ya karakana ya kufumia, mitambo yote ikinguruma.

"Wenyewe hawapo," alisema.

"Wenyewe wa nini? Mimi nina shida na mwosha mabeseni."

Katibu aliingia akiinama, maana mlango ule ulitengenezwa na watu wafupi. Ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo wa kiwanda cha mablanketi na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na hicho cheo cha pili kilikuwa kimelimeza jina lake zima zima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe kwenye vifundo. Popo alikitazama kitambaa, akarudisha macho kwenye povu upesi, kama aliyechungulia mahali asipotakiwa.

"Unauma?"

"Jino la mtu lina sumu, kumbe. Wangetuambia mapema tungetumia kiwiko."

"Usifanye mzaha."

"Nisipofanya mzaha nitalia, na kanisa lenu halina nafasi ya kunihifadhi nikilia. Mimi hulia kwa sauti." Akaketi kwenye benchi, upande wa taulo za kina mama. "Eti Jumapili nani ataniosha mimi?"

"Hakuna. Hujabatizwa. Utakaa nyuma utazame."

"Na nikibatizwa?"

"Watakuosha wanaume wenzako."

"Hata mke wa mtu haruhusiwi?"

"Nyumbani kwake, labda," alisema Popo, na alipoinua uso macho yao yakakutana, naye akasahau anasugua nini. Povu lilimtiririka hadi kwenye mikunjo ya kiwiko. Yule mwanaume alikuwa na macho ya kucheka hata mdomo wake ukiwa umefunga duka, na leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho hayo yamechoka.

Jina la Popo lilitokea kiwandani. Yeye na baba yake, fundi wa boila ambaye pia ni shemasi wa kanisa, ndio Wamennonite pekee katika kiwanda kizima. Walifundishwa kwamba chama kinambana tajiri mpaka agune, na tajiri anawabana wafanyakazi mpaka wagune, na mtu wa amani hambani yeyote. Kwa hiyo hawaingii chamani, hawabebi mabango, hawapigi kelele getini. Lakini wenzao wakigoma, hawaingii ndani kushika nafasi zao. Na kile ambacho wengine wanakatwa kwa ajili ya chama, chao kinakwenda kwenye wodi ya wagonjwa wasio na ndugu, asije mtu akasema wanakula jasho la wenzao.

Mama Pindo, mkubwa wa meza ya kushonea pindo za mablanketi, aliposikia habari hiyo mara ya kwanza, aliweka mikono kiunoni mbele ya ukumbi mzima wa chakula. "Chama hataki, tajiri hamtaki! Si ndege, si mnyama! Popo huyu!" Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda.

Naye Katibu, siku binti huyo alipoingia ofisi ya tawi kueleza msimamo wake, alicheka mpaka akamwaga chai.

"Yaani tukigoma, hutagoma. Na kazi hutafanya. Sasa utakuwa unafanya nini, dada yangu?"

"Nitasimama ng'ambo ya barabara."

"Ng'ambo ya barabara!"

"Nikiwaombea."

"Utatuombea sisi au tajiri?"

"Wote."

Alicheka tena. Lakini kamati ilipotaka binti afukuzwe, ni yeye aliyesimama akabishana nao mpaka sauti ikamkauka, wakakubali. Tangu siku hiyo mashine ya Popo, ambayo haikuwa na ubovu wowote, ilitiwa mafuta kuliko mashine zote kiwandani. Wanawake wa meza ya pindo walikuwa wakimwona fundi anakuja na kopo lake la mafuta wanakohoa kwa pamoja, kama kwaya.

Na alipomwambia anataka kumwoa, Popo alimjibu, "Subiri."

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka akawa anashona pindo upande usio wake. Ila watu wa kwao hawali kiapo. Hawana cha kusema "haki ya nani" wala cha kuinua mkono juu. Wakisema ndiyo, imekwisha, imeshonwa. Neno la namna hiyo hulitupi tu kama karanga. Na baba yake alishamwambia kijana waziwazi: kwetu mtu hazaliwi Mmennonite, anachagua akiwa na akili zake, na ukichagua, ukatibu utauacha. Katibu akaanza kuhudhuria darasa la ubatizo, magoti yamepita urefu wa dawati, akiuliza maswali ya kumtoa mchungaji jasho. Ukatibu, aliomba apewe muda. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kutamu.

Kisha ukaja mgomo, na asubuhi ile ya getini.

"Nimekuja kukuomba kitu," alisema Katibu sasa.

"Usiniombe."

"Hujakisikia."

"Nakijua. Usiniombe, tafadhali. Ukishaniomba nitakunyima, na sijawahi kukunyima kitu."

"Umeninyima jibu mpaka nimeota mvi! Hata benki wanajibu upesi." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Neno moja tu, mpenzi. Kesho msuluhishi akikuuliza, sema, 'Sikuona.' Basi. Tajiri ameshakubali kila kitu. Feni za kutoa vumbi la sufi, amekubali. Mapumziko ya wajawazito, amekubali. Kabakiza moja tu: nani kamvunja msimamizi jino. Wakinipata mimi, natoka, na hakuna kiwanda kitakachonipokea tena, maana hao matajiri wanaambiana kuliko wanawake wa saluni. Tawi zima wameshaapa kwamba msimamizi alijikwaa kwenye ukingo wa barabara akaangukia uso."

"Wote wameapa?"

"Mpaka Mama Pindo. Na machozi juu."

"Na msimamizi kaapa kwamba ni wewe."

"Kwa hiyo msuluhishi kachoka. Kasema, nileteeni mtu asiye wa huku wala wa kule. Unajua, tangu mgomo uanze sisi na tajiri hatujawahi kukubaliana hata saa ya kukutana. Lakini hapo tulisema kwa sauti moja, sisi na wao: Popo!" Alicheka kicheko kikavu. "Nilijivunia, mwenzio. Halafu ndipo nikakumbuka kwamba hudanganyi."

Popo aliliweka beseni chini. "Niliona, Katibu."

"Najua uliona! Ulikuwa umesimama pale ng'ambo, macho yamekutoka pima. Nakuuliza mimi sasa. Aliyempiga baba yako nani?"

"Msimamizi."

"Kwa nini?"

"Alimwambia aingie awashe boila. Baba akasema hagomi, lakini hawezi kupita juu ya wenzake."

"Akampiga kofi. Kofia ya mzee ikaruka. Na baba yako akafanya nini?"

Popo alizamisha tena mikono kwenye povu.

"Akageuza upande wa pili! Kama yuko kwa kinyozi! Na yule mshenzi akampa la pili! Mzee ambaye hata paka wake anamwomba radhi akimkanyaga! Sasa mimi ningefanya nini pale? Nipige makofi?"

"Ungesimama katikati yao."

"Ningesimama ningepigwa mimi."

"Ndiyo. Ndivyo tunavyofanya sisi."

Katibu alimtazama kama anayeona mtu ng'ambo ya mto. "Ndivyo mnavyofanya nyinyi," alisema taratibu. "Mnapigwa kwa zamu."

Neno lile lilimchoma. Popo alijifuta mikono kwenye aproni, ikarudi na povu, akajifuta tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata mama? Ulipompiga, nilifurahi. Nilisikia ule mlio, na moyo wangu ukapiga vigelegele. Nilitaka umwongeze. Mimi, mtoto wa shemasi. Nimesimama pale nawaombea watu, kumbe mkono wako ulikuwa mkono wangu."

Katibu alipiga hatua, akachuchumaa mbele yake, povu likimlowesha suruali. Akamshika kidevu kwa mkono ule uliofungwa. "Basi, mpenzi wangu. Basi! Kama ulikuwa mkono wetu wawili..."

"Ndiyo maana siwezi kuuficha. Nikisema sikuona, nitakuwa nimempiga msimamizi ngumi ya pili mimi mwenyewe, na safari hii nimejificha nyuma ya mdomo wangu. Kwa nini wamenichagua mimi? Kwa sababu wanajua sidanganyi. Nikidanganya kesho, sitakuwa nimekupa neno. Nitakuwa nimekupa mtu mwingine kabisa, na huyo hukumtilia mafuta mashine yake."

Hawakusogea. Pumzi zao zilikuwa zinagongana. Angeinamisha kichwa kidogo tu angekuwa kifuani kwake, na mambo yote yangesubiri nje. Ndipo mlangoni mtu akakohoa, kikohozi cha baba, ambacho duniani kote ni kimoja.

Shemasi alikuwa amesimama na birika la maji ya moto. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, la kulia nalo halikutaka kuachwa nyuma. Katibu aliinuka haraka akakigonga kichwa kwenye rafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na kichwa."

"Pole na mashavu."

Shemasi aliyamimina maji kwenye beseni la bluu, akaanza kutazama yanavyovuja.

"Kijana wangu," alisema, "asante ya kunipigania sina, kwa sababu sikukuomba. Hasira nawe sina pia, nimeitafuta sikuiona. Lakini usimwombe binti yangu akupe kitu ambacho si chake. Neno lake hajalitengeneza yeye. Alilirithi kwa watu waliopoteza mashamba na vichwa kwa kukataa kulipinda."

"Na wewe, mzee? Wewe uliambiwa utoe ushahidi?"

"Niliulizwa. Nikasema sikuona aliyempiga."

Katibu alimgeukia Popo, uso umewaka. "Si hilo hapo! Shemasi mzima!"

"Nilikuwa nimefumba macho," alisema Shemasi. "Nilipogeuza la pili nilifumba macho. Mimi si malaika, kofi linauma. Nilipofumbua, mtu yuko chini anatafuta jino. Ningekuwa nimeyafumbua, kijana, ningesema nilichoona."

"Hata kama ingenimaliza?"

"Hata kama ingenimaliza mimi."

Katibu aliokota kofia yake iliyomdondoka alipogonga rafu. Mlangoni aligeuka, na hakumtazama mzee, alimtazama Popo, taratibu, kuanzia kilemba hadi magoti yaliyolowa, kama anayehama nyumba anavyotazama chumba.

"Nimeisubiri ndiyo yako tangu lini," alisema. "Kumbe ya kwanza atapewa msuluhishi."

Alisahau kuinama. Mlango ukampiga kwenye paji la uso, na hakuna aliyecheka.

"Baba," alisema Popo, "niambie niseme nini."

"Sitakuambia, mama. Nikikuambia utakuwa ukweli wangu." Shemasi alichukua kitambaa akapiga magoti karibu yake, wakaendelea kusugua pamoja, na mara kwa mara mzee alimpokonya beseni ambalo binti alikuwa amelisugua tayari.

*

Ukumbi wa chakula wa kiwanda ulinuka sufi na mafuta ya mashine hata siku ya mapumziko. Meza zilisukumwa ukutani. Upande huu tawi la chama, wamejaza mabenchi; upande ule msimamizi na pengo lake na wakili wa tajiri. Msuluhishi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na sura ya mtu ambaye ameshasikia uongo wa kila saizi.

Popo aliitwa. Akaletewa kitabu cha kuapia.

"Samahani, mama. Sisi hatuapi."

Minong'ono ilizuka pande zote. Wakili aliinuka nusu. "Msuluhishi, shahidi asiyekula kiapo..."

"Kaa," alisema yule mama. "Hapa wameshaapa watu tangu juzi, mpaka kitabu kimechakaa, na hadithi ya huku haijafanana na ya kule. Binti, utasema kweli?"

"Ndiyo."

"Inatosha. Uliona nini?"

Popo aliinua macho. Mama Pindo alikuwa amekaa mbele kabisa, anatikisa kichwa pole pole: usithubutu. Nyuma yake Katibu, mikono juu ya magoti, kitambaa cheupe. Hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama dari, mahali ambapo feni mpya zingefungwa.

"Niliona msimamizi akimpiga baba yangu kofi," alisema.

Msuluhishi alivua miwani. "Kofi gani? Hakuna aliyetaja kofi."

Na ilikuwa kweli. Msimamizi asingelitaja. Shemasi hakushtaki mtu maishani mwake. Na tawi zima, katika kuapa kwamba jamaa alijikwaa tu mwenyewe, walikuwa wamelizika kofi pamoja na ngumi, bila kujua kwamba wanamsafisha adui yao. Popo aliona mabenchi yakilielewa jambo hilo, sura moja baada ya nyingine. Mama Pindo alifunika mdomo kwa mkono.

"Mara mbili," alisema Popo. "Baba alimpa na shavu la pili, naye akalipiga."

"Uongo!" Msimamizi aliruka, na pengo likapuliza neno lake likatoka na mluzi.

"Kaa chini, baba. Huyu ndiye shahidi mliyemtaka wenyewe." Msuluhishi alirudisha miwani. "Na baada ya hapo?"

Sasa. Popo alijaribu kutafuta namna ya kusema ambayo ingekuwa kweli na isingekuwa ya kuua, na namna hiyo haikuwepo. Wenye maneno ya namna hiyo wamesoma zaidi yake.

"Baada ya hapo alipigwa yeye. Ngumi moja."

"Aliyempiga yumo humu?"

"Yumo."

"Ni katibu wa tawi, yule pale?"

Katibu alishusha macho kutoka darini. Yakamjia moja kwa moja, yale macho ya kucheka, hayakuwa na hasira, yalikuwa yanasubiri tu, kama yalivyosubiri siku ile aliyomwomba amwoe.

"Ndiyo," alisema Popo.

Naye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa posa.

Kabla ya jua kuchwa mkataba ulikuwa umesainiwa. Feni, wajawazito, kila kitu. Msimamizi alitolewa kazini. Katibu naye alitolewa. Watu walitoka getini na ushindi waliougomea, na hakuna aliyeimba. Popo alipita katikati yao, wakampisha, na kupishwa kule kulimuumiza kuliko kusukumwa.

"Popo lilikuwa jina zuri," alisema Mama Pindo, hata sauti hakuipandisha. "Sasa hatuna jina la kukuita."

*

Jumapili kanisa lilijaa. Mkate ulipita, kikombe kikapita, kisha mabenchi yakageuzwa yatazamane, kina baba kulia, kina mama kushoto, na mabeseni yakaingia yakitoa mvuke. Popo alipangiwa bibi mmoja mzee mwenye miguu kama mizizi na masikio yanayosikia anachotaka. Alikuwa ameshika mguu wake wa kwanza alipoona vichwa vinageuka.

Katibu alikuwa amekaa benchi la mwisho, la wageni. Begi lilikuwa miguuni pake.

Shemasi alikuwa ameshabeba beseni lake, lile la bluu, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Mwenzake wa kuoshana naye alishavua soksi. Lakini mzee hakumwendea. Aligeuka na kushika njia ya katikati, maji yakidondoka kutoka kwenye ufa, tone, tone, kupita benchi la wazee, kupita vijana, hadi mwisho.

"Shemasi," aliita mchungaji kwa sauti ya chini, "huyo bado hajabati..." Kisha akafunga mdomo, na baadaye watu walisema ndilo hubiri lake bora.

Mzee alipiga magoti. Akaanza kufungua kamba za viatu vya Katibu.

"Mzee, acha. Tafadhali. Watu wanatazama." Katibu alivuta mguu. "Halafu miguu yangu haina kosa. Ni mkono."

"Lete na mkono," alisema Shemasi.

Kutoka upande wa kina mama Popo alimwona baba yake anakifungua kile kitambaa cheupe, anauingiza ule mkono ndani ya maji, anauosha kidole kimoja kimoja, mahali pale palipopasuliwa na jino. Aliona mabega ya Katibu yanaanza kutikisika. Na alikuwa amesema kweli: alilia kwa sauti.

Walipomaliza walibadilishana, kama ilivyo desturi, ingawa hakuna aliyemwelekeza. Katibu alipiga magoti akaosha miguu ya mzee, miguu yenye makovu ya boila. Wakakumbatiana. Kisha akavaa viatu, akachukua begi lake, akatoka bila kutazama kushoto.

Popo alibaki na mguu wa bibi mikononi, haujafutwa.

"Nenda, mwanangu," alisema bibi. "Mguu wangu hauna safari."

Alikimbia na taulo mkononi. Alipofika geti la kanisa, Katibu alikuwa ameshavuka barabara, amesimama kando, anangoja lori la kumpa lifti. Aliweka begi chini.

"Leo mimi ndiye niko ng'ambo," alisema kwa nguvu, maana magari yalikuwa yanapita. "Unaona raha yake? Mtu huoni vumbi la huku wala la kule."

"Uliniuliza swali," alisema Popo. "Zamani. Sijakujibu."

"Usinijibu."

"Katibu..."

"Si Katibu tena. Sikiliza." Alikohoa ili kuiweka sauti sawa. "Ukinijibu, nitavuka hii barabara. Nikivuka sitaondoka tena. Nitabaki hapa sina kazi, wewe unakwenda kiwandani mimi nahesabu dari, na kila ukiniwekea sahani mezani nitakumbuka ukumbi ule. Nitakupenda kwa hasira. Sitaki. Kwa hiyo lile jibu, hata kama unalo hapo mdomoni, nakuomba. Hiki tu ndicho nakuomba, na hiki si uongo. Limeze."

Alikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa limekaa hapo tangu jana, limeiva, halina kasoro. Maisha yake yote alifundishwa kutosema uongo. Kumeza ukweli hakuna aliyemfundisha. Aliifunga midomo. Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha, kwa kuwa taulo ilikuwa ya miguu ya bibi.

Katibu aliinua mkono, ule uliooshwa, hauna kitambaa tena. Lori likaja, likasimama katikati yao, likanguruma kidogo. Lilipoondoka, ng'ambo ya barabara hapakuwa na mtu.

Alirudi ndani. Wimbo ulikuwa unaendelea. Njia ya katikati ilikuwa na mstari wa matone, na mtoto wa mtu alikuwa anayakanyaga moja moja akicheza. Bibi alikuwa amekaa vile vile, mguu mmoja mkavu, mmoja ndani ya beseni.

"Umemwambia?"

"Sikumwambia, bibi."

Bibi alifikiri, akatazama chini.

"Maji yamepoa, mwanangu."

"Nitakuongezea ya moto," alisema Popo, akapiga magoti.